Kidonge cha usiku kinanifuata mpaka kwenye cherehani

Msomaji anauliza

Mfamasia, habari za kazi?

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34 na kilo 58. Wiki tatu zilizopita nilianza kutokwa na mabaka mekundu yaliyovimba mapajani, mgongoni na kiunoni pale sketi inapobana. Yanawasha sana usiku. Asubuhi naona yamepotea, mchana yanaibuka mahali pengine. Kipindi hichohicho nimekuwa na wasiwasi usiokatika. Nilichukua mkopo wa kausha damu ili nilipie fremu, na sasa simu ikiita tu moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usiku sipati usingizi.

Daktari niliyemwona alinisikiliza yote mawili akaniandikia kidonge kimoja kwa matatizo yote. Kwenye boksi kimeandikwa hydroxyzine miligramu 25, nimeze kimoja usiku kwa siku 14. Sasa nipo wiki ya pili. Usiku wasiwasi umepungua na nalala, lakini mchana mwasho unarudi, kwa hiyo nikawa nameza Piriton. Asubuhi nilikuwa namalizia cetirizine niliyokuwa nayo ndani. Juzi nikapata mafua, nikanunua vidonge vya mafua, na muuzaji akanipa na Azuma kwa ajili ya kikohozi, ila hiyo sijaianza. Mgongo ukiuma kwa kukaa nameza diclofenac.

Shida yangu ni usingizi. Kidonge nakimeza saa 5 usiku, saa 11 alfajiri naamka kichwa kizito, na hali hiyo inaendelea mpaka mchana. Nimeanza kunywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili nimalize kazi za wateja. Wiki hii nilisinzia mguu ukiwa kwenye pedeli na sindano ikapita karibu kabisa na kidole.

Kuna la pili. Mama yangu ana miaka 71 na anatumia dawa za presha, mojawapo ile ya kukojoa. Alilalamika kukosa usingizi, nikampa kidonge changu kimoja. Usiku aliamka kwenda chooni akaanguka, na asubuhi alikuwa anaongea vitu visivyoeleweka mpaka jioni. Jirani anasema hii dawa ni Valium ya jina jingine na nitashindwa kuiacha. Nina mtoto wa miaka mitatu, naye anajikuna. Nilitaka kumpa robo, nikasita.

Niache dawa? Na kama sitaiacha, niitumieje?

Fundi, Morogoro


Mfamasia anajibu

Dada yangu, pole kwa mwasho na pole kwa deni. Kusita kwako kumpa mtoto kumekuepusha na jambo baya, na nitalirudia.

Dawa uliyoandikiwa inafaa kwa yale uliyomweleza daktari, na miligramu 25 usiku ni dozi ndogo. Kinachokuangusha ni vitu ulivyoiongezea. Kwa hiyo nianze na usiku wa leo. Meza kidonge kimoja cha haidroksizini kama ulivyoandikiwa, ila ukimeze saa 2 usiku badala ya saa 5. Piriton, vidonge vya mafua na setirizini viweke kando vyote mpaka umwone daktari. Azuma usiianze. Kinywaji cha kuongeza nguvu acha leo hii. Kesho usikanyage cherehani, usipande pikipiki kama dereva wala usinyanyue sufuria la maji ya moto mpaka uhakikishe kichwa chako ni chepesi. Kesho au keshokutwa rudi kwa daktari ukiwa na maboksi yote ndani ya mfuko mmoja. Sababu ni hizi.

Haidroksizini ni dawa ya mzio ya kizazi cha kwanza. Ilianza kutumika miaka ya 1950, na wengi wanaifahamu kwa jina la Atarax. Kizazi hicho kina ndugu unaowajua: Piriton, Phenergan, na dawa iliyomo kwenye sirapu nyingi za kikohozi zinazoleta usingizi. Zote zinazuia histamini, kemikali ambayo mwili huimwaga kwenye ngozi na kusababisha mabaka na mwasho. Lakini histamini ina kazi nyingine ndani ya ubongo, nayo ni kutuweka macho. Dawa za kizazi hiki huingia kwenye ubongo kwa urahisi, zikaizuia na huko, na hapo ndipo usingizi unapotoka. Utulivu unaouona usiku kwa sehemu kubwa unatoka kwenye mlango huohuo, kwa hiyo huwezi kutaka utulivu wake na kuukataa usingizi wake. Unachoweza kufanya ni kupanga usingizi huo uangukie saa ngapi.

Hapa saa zina maana kubwa. Kidonge huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja, na kiwango chake kwenye damu hufika kileleni baada ya kama saa mbili. Kutoka hapo mwili wa mtu mzima wa umri wako unahitaji takriban saa 20 kuondoa nusu tu ya kilichomo. Ukimeza saa 5 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, umeipa dawa saa sita. Sehemu kubwa bado ipo. Na kesho yake unaongeza nyingine juu ya masalia. Piga hesabu: kwa dawa yenye mwendo huo, ukimeza miligramu 25 kila usiku, baada ya siku nne au tano mwili wako mara tu baada ya kumeza unabeba kama miligramu 44, na kabla ya kumeza nyingine bado una kama 19. Ndiyo maana watu wengi siku ya kwanza hulala vizuri na kuamka salama, halafu uzito wa asubuhi unajitokeza baadaye kidogo na wanashangaa kwa nini, wakati dozi haijabadilika.

Ubongo hujizoesha kiasi. Kwa wengi kusinzia hupungua baada ya siku kadhaa. Wewe hukupata nafasi ya kuzoea kwa sababu kila mchana ulikuwa unaongeza.

Tazama ulichoongeza. Piriton, ambayo kwenye boksi la kiwandani huandikwa chlorpheniramine, ni kizazi kilekile cha kwanza. Kidonge chake kidogo cha njano ni miligramu 4 na usingizi wake unajumlishwa juu ya ule wa jana usiku. Vidonge vya mafua vyenye mchanganyiko mara nyingi vina parasetamoli, dawa ya kuzibua pua, pengine kafeini, na humohumo chlorpheniramine nyingine. Kwa hiyo siku ya mafua huenda ulikunywa Piriton mara mbili bila kujua. Geuza boksi usome maandishi madogo ya nyuma: ukiona chlorpheniramine, diphenhydramine, promethazine au triprolidine, hiyo ni dawa ya familia hii na haifai kumezwa pamoja na kidonge chako.

Setirizini watu wengi huiona haina madhara kwa kuwa ni ya kizazi cha pili na haileti usingizi sana. Lakini setirizini yenyewe ni zao la haidroksizini. Ini lako linaivunja haidroksizini na kitu kikuu kinachopatikana ni setirizini hiyohiyo. Unapomeza zote mbili, dawa ileile inakuingia kwa njia mbili. Wapo madaktari wanaozipanga pamoja kwa makusudi, moja asubuhi na nyingine usiku, lakini huo ni mpango unaofanywa na mtu anayejua figo zako zikoje, kwa sababu setirizini hutolewa na figo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu navisema kwa uchungu, maana hapa ndipo ulipojifunga kamba miguuni. Kafeini inaongeza mapigo ya moyo na kutetemesha mikono, na dawa ya kuzibua pua iliyomo kwenye vidonge vya mafua inafanya hivyohivyo. Moyo ukienda mbio saa 10 jioni, wewe unasoma kwamba ni wasiwasi. Usiku usingizi unachelewa, unasogeza kidonge mpaka saa 5, asubuhi unaamka mzito, unanunua chupa nyingine. Ondoa chupa na vidonge vya mafua kwa siku tatu nne kabla hujaamua kwamba wasiwasi wako umezidi. Chai ya rangi nzito baada ya saa 9 mchana nayo ipunguze. Kwa mafua yenyewe, parasetamoli tupu inatosha: kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24, pamoja na maji ya kutosha. Pua iliyoziba ioshe kwa maji ya chumvi yanayouzwa famasi.

Sasa Azuma. Hiyo ni azithromaisini, dawa ya kuua bakteria, na mafua ya kawaida yanaletwa na virusi ambavyo haiviui. Hilo peke yake lingetosha kuiacha, lakini kwako kuna sababu nzito zaidi. Moyo unapiga kwa umeme, na baada ya kila pigo unahitaji muda mfupi wa kujichaji upya. Haidroksizini inaweza kuurefusha muda huo. Azithromaisini nayo inaweza. Zikikutana, kwa mtu mwenye moyo dhaifu au madini ya potasiamu yaliyopungua mwilini, mapigo yanaweza kuvurugika ghafla akazimia, na mara chache akafa. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Umoja wa Ulaya ilipitia upya haidroksizini kwa sababu hiyo ikaweka mipaka: mtu mzima asizidishe miligramu 100 kwa siku nzima, mzee ikilazimu apewe asizidi 50, na isitolewe kwa mtu anayetumia dawa nyingine inayorefusha muda huo wa umeme wa moyo.

Kwetu orodha ya dawa hizo ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ya magonjwa tunayoyatibu. Kwinini ya malaria imo. Klorokwini na haidroksiklorokwini zimo. Dawa mseto ya malaria, ALu, nayo inahitaji tahadhari. Erithromaisini, siprofloksasini na livofloksasini, flukonazoli ya fangasi, haloperidoli na klopromazini za magonjwa ya akili, sitalopramu na esitalopramu za sonona, ondansetroni ya kutapika, bedakwilini ya kifua kikuu sugu, zote zinahusika. Anayetumia dawa za VVU zenye ritonaviri anatakiwa kusema pia, kwa kuwa ritonaviri inapunguza kasi ya ini kuivunja haidroksizini na dawa inalundikana. Ukipata homa katika wiki hizi na kipimo kikaonyesha malaria, usiogope kutibiwa, malaria haisubiri. Mwambie tu anayekutibu kwamba unameza haidroksizini, na mara nyingi atakachofanya ni kusimamisha hiyo mpaka umalize dawa ya malaria.

Wewe mwenyewe jiulize haya kabla ya kidonge cha leo: umewahi kuzimia bila sababu? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Una ugonjwa wowote wa moyo, au unaharisha na kutapika siku hizi? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, usimeze, nenda kwanza upimwe umeme wa moyo, kile kipimo cha ECG. Na jambo hukulitaja: kama hedhi imechelewa, pima mimba kwanza. Haidroksizini haitakiwi kwenye ujauzito, hasa miezi ya mwanzo, na mama anayenyonyesha pia huitafutia mbadala. Pombe ya aina yoyote isiguswe, na tramadoli au Valium usivichanganye nayo kabisa. Hapo usingizi unaweza kushuka mpaka kwenye kupumua.

Jirani yako amekosea. Valium na haidroksizini ni familia mbili tofauti. Valium ikitumiwa kwa wiki nyingi mwili unaifunga, na kuiacha ghafla kunaweza kuleta mtetemeko na hata degedege. Haidroksizini haina utegemezi wa namna hiyo. Baada ya siku 14 za kidonge kimoja unaweza kuacha bila ngazi ndefu za kupunguza. Unachoweza kukiona ni mwasho kurudi kwa sababu chanzo chake hakijaondoka, au usingizi kuwa mwepesi kwa usiku mbili tatu.

Ila hiyo haina maana uimeze tu kwa miaka. Kwa wasiwasi, haidroksizini ni dawa ya wiki, pengine miezi michache. Kwenye majaribio ya watu wenye wasiwasi wa kudumu ilitumika miligramu 50 kwa siku, imegawanywa 12.5 asubuhi, 12.5 mchana na 25 usiku, na maelezo rasmi ya dawa yanasema matumizi ya zaidi ya miezi minne hayajapimwa vizuri. Kwa hiyo ukirudi kwa daktari mwombe mambo mawili. Kwanza akuchunguze kama moyo kwenda mbio una chanzo cha mwili: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi huleta mapigo, mtetemeko, kukosa usingizi na hata mwasho; upungufu wa damu nao huleta mapigo. Vipimo hivyo ni vya damu tu. Pili, kama wasiwasi upo siku nyingi kuliko usipokuwepo na unakuzuia kufanya kazi, akupeleke kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa. Tiba ya mazungumzo ndiyo yenye mizizi kwa tatizo hili, na zikihitajika dawa za muda mrefu zipo, kama setralini, ambazo hazikulazi kwenye cherehani. Mkopo wa kausha damu hautibiki kwa kidonge, na sioni aibu yoyote kumweleza mshauri jambo hilo kama lilivyo. Siku ukijikuta unafikiria kujidhuru, mwambie mtu siku hiyohiyo, akushikie na vidonge vyote, na akupeleke hospitali.

Kuhusu mabaka, barua yako ina dalili mbili ambazo huenda hukuziona. Ya kwanza ni diklofenaki. Dawa hiyo, ibuprofeni na aspirini huamsha au kuzidisha mabaka ya aina hii kwa watu wengi, hata waliozitumia miaka bila shida. Acha diklofenaki kwa wiki tatu, mgongo utulize kwa parasetamoli na kuinuka kwenye kiti kila nusu saa, uone mabaka yanafanyaje. Ukiwa tayari umemeza parasetamoli kwa mafua, hesabu ni ileile, visizidi 8 kwa saa 24 kwa jumla. Ya pili ni kiuno kinachobana: kuna ngozi inayovimba pale inapokandamizwa, kwa hiyo vaa dera au sketi ya lastiki legevu. Rangi za vitambaa sidhani kama ndizo, kwa sababu mzio wa kitambaa kwa kawaida hushika mikono na hukaa palepale kwa siku kadhaa ukipasuka na kubanduka, wakati mabaka yako yanahama.

Usijinyime samaki, mayai na nyama ya ng'ombe kwa kuambiwa ndivyo vinavyoleta aleji. Chakula kinachosababisha mabaka huyatoa upesi, mara nyingi ndani ya saa mbili, na hufanya hivyo kila ukikila. Kama huoni mtindo huo, endelea kula.

Chukua kalamu, zungushia mstari baka moja na uandike saa. Likipotea ndani ya saa 24 bila alama, ni mabaka ya kawaida ya mzio. Likibaki palepale zaidi ya siku, likauma kuliko kuwasha, au likaacha rangi ya jeraha, mwonyeshe daktari, hiyo inaweza kuwa mishipa midogo ya damu imevimba na inahitaji vipimo vingine. Yakizidi wiki sita yanaitwa sugu, na hapo madaktari wa ngozi wanapendelea dawa za kizazi cha pili, setirizini au loratadini miligramu 10 mara moja kwa siku, ambazo daktari anaweza kuziongeza hadi mara nne ya dozi kabla ya kufikiria nyingine. Kwa mtu anayefanya kazi na sindano ya cherehani, kwa kweli ningependa daktari wako akuhamishie huko mapema, na haidroksizini ibaki kwa usiku mchache wa wasiwasi mkali au iondoke kabisa. Mwulize hivyo waziwazi. Kama ataona bado inahitajika, mwulize pia kuhusu nusu kidonge. Vidonge vingi vina mstari katikati wa kukatia. Kama chako hakina, usikikate kwa makadirio.

Ukisahau dozi ya saa 2 na ukakumbuka saa 6 usiku, iruke. Usimeze mbili kesho.

Mama usimpe tena. Kwa umri wake mwili unahitaji takriban saa 29 kuondoa nusu ya dawa hii, na ndiyo maana aliongea visivyoeleweka mpaka jioni. Dawa hizi pia hukausha mdomo, hufunga choo, huzuia mkojo kutoka na kuutia ubongo wa mzee ukungu, kisha anaanguka usiku kama alivyoanguka. Na ile dawa yake ya presha inayomkojoza inaweza kupunguza potasiamu, jambo ambalo nimekueleza linavyouhusu moyo. Kama kichwa kiligonga chini, au tangu aanguke anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia kuliko kawaida, au anatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, apelekwe hospitali leo. Kama nyonga inauma akisimama, vilevile. Ukosefu wake wa usingizi uanzie kwenye hiyo dawa ya kukojoa: ulizeni kama anaweza kuimeza asubuhi badala ya jioni. Wazee wengi wanaamka mara nne usiku kwa mkojo na familia inadhani ni ugonjwa wa usingizi. Baba mwenye tezi dume iliyovimba au mtu mwenye presha ya macho naye asiguse dawa hizi bila daktari.

Mtoto. Dozi yake inapangwa kwa kilo na kupimwa kwa sirapu na bomba la kunyonyea, na kwa mtoto wa kilo 14 kikomo cha siku nzima ni miligramu 28. Kidonge chako kimoja kinakaribia kukimaliza kwa mkupuo. Robo ya kuvunja kwa kisu huwezi kujua ni robo kweli. Wapo pia watoto ambao badala ya kusinzia wanachachamaa usiku kucha. Kwa kuwa anajikuna wakati wewe una mabaka, mwangalieni kama ana upele kati ya vidole, viganjani na kiunoni. Huo ukiwepo unatibiwa kwa dawa ya kupaka, nyumba nzima siku moja, na dawa ya mzio haiuondoi. Phenergan usimpe bila daktari, na aliye chini ya miaka miwili hatakiwi kuipata kabisa. Vidonge vyako viweke juu ndani ya boksi lake, kwa sababu mtoto akimeza kadhaa anaweza kupata degedege na mapigo kuvurugika. Ikitokea, usimtapishe wala kumpa maziwa. Beba boksi na uende hospitali hata kama anaonekana mzima, maana dawa inachukua saa mbili kufika kileleni.

Yapo mambo ambayo hayangoji miadi. Midomo, ulimi au koo vikivimba, sauti ikikwaruza, pumzi ikibana au ukiishiwa nguvu mabaka yakiwa yametoka, usikae nyumbani ukisubiri haidroksizini ifanye kazi. Hapo kinachookoa ni sindano ya adrenalini, mtu mzima nusu mililita kwenye msuli wa paja upande wa nje, na inapatikana kituo cha afya. Mapigo yakivurugika ukaona giza au ukazimia, acha dawa na uende. Ukitokwa na vipele vingi vidogo vyenye usaha pamoja na homa, nayo ni athari ya nadra ya dawa hii. Usimeze tena, na mwombe anayekuhudumia aijulishe TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Usiku wa kwanza wa ratiba ya saa 2, kula kwanza, malizia kazi za jikoni, halafu umeze. Washa taa ya korido au acha tochi karibu. Asubuhi kaa kitandani dakika mbili kabla ya kusimama. Kama baada ya usiku tatu za kidonge hicho kimoja peke yake bado unaamka mzito kupita saa 2 asubuhi, usingojee siku 14 ziishe, dozi hiyo ni kubwa kwako na daktari aipunguze au aibadilishe. Vitakavyobaki virudishe famasi.